Kwa Papa Bulaimu, Aliyechagua Daraja

Mwaka umetimia, Papa Bulaimu, tangu simu ilipoita kutoka Kindu, kwenye bunge la jimbo. Yves, kijana wako, aliipokea, akampa mama Régina, mke wako. Yeye alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Basi, mumulete nyumbani," akakaa chini, na tangu siku ile hajapata nguvu zake.

Wengine walikujua kama mbunge wa jimbo. Sisi tulikujua tangu ukiwa mkuu wa shule ya msingi hapa Kabambare, na hata ulipoitwa Honorable ualimu haukukutoka. Mtu akija kukusalimu, ulimnyoosha kola kwanza. Njiani ukimkuta anayesukuma baiskeli yenye madumu ya mawese, ulishuka kwenye pikipiki ukasukuma naye hadi juu ya kilima, umevaa suti yako, ukimuuliza watoto wake wangapi wako shuleni. Likizo ya bunge wenzako waliimalizia Kindu. Wewe ulirudi kula sombe, yale majani ya muhogo ya mama Régina, na kulalamika kwamba chumvi ni kidogo.

Mwaka wa pili wa ubunge wako, uliambiwa kwamba eneo letu litapewa kazi moja tu: daraja la njia ya Kasongo, au maternite, nyumba ya wamama kujifungulia. Ungeweza kuamua peke yako. Ukaita watu kwenye uwanja wa shule. Wachuuzi wa Salamabila na wakulima wa mpunga walitaka daraja. Ndipo akasimama Chimène, binti yako, mkunga wetu.

"Papa, wamama wanazalia chini," alisema. "Mabati inavuja. Kitanda iko moja, na mguu wake mumoja ni tofali. Anza na maternite."

"Daraja iko ya watu wote, Chimène," ulimjibu. "Ikiisha, mwenye uzazi mugumu atafika hospitali ya Kasongo siku ile ile."

"Na asiyeweza kungoja?"

Watu walikuwa wameshaanza kupiga makofi, nawe ukawageukia.

Mbao zililetwa, daraja la zamani likabomolewa, nguzo mbili mpya zikasimamishwa. Halafu bunduki zikalia upande wa Salamabila, mafundi wakakimbia, mvua zikaanza. Kila kikao ulisimama kule Kindu ukauliza kazi itaendelea lini, na kila mara uliambiwa ungoje.

Mvua zile zile zilimkuta Rehema, mke wa Yves, akiwa na mimba yake ya kwanza. Uchungu ulimshika siku mbili. Chimène alifanya yote aliyoyajua, kisha akasema apelekwe Kasongo. Walimfunga kwa kitenge kati ya Yves na mwenye pikipiki. Mtoni walikuta maji yamepanda na kuzifunika nusu zile nguzo, na mwenye mtumbwi akakataa kuvusha, maana wangekufa wote. Rehema alifia pale ukingoni, kichwa kwenye mapaja ya mume wake, mtoto akiwa bado tumboni.

Wewe ulifika siku ya tatu. Yves hakukupa mkono. Tulikuona ukiushusha wako taratibu, Papa, na hakuna hata mmoja wetu aliyefungua kinywa kukusaidia. Hilo linatutafuna mpaka leo.

Wiki ile uliita watu tena uwanjani. Tulidhani utalaumu vita, au serikali. Ulivua kofia ukasema, "Wamama, muliniambia, sikusikia. Nilikosa. Na aliyelipa si mimi." Hakuna aliyepiga makofi. Siku iliyofuata Yves alivuta kiti akaketi kando yako. Mlikula sahani moja.

Ulirudi Kindu na neno moja tu mdomoni: maternite. Daktari alikuonya juu ya presha, akakutaka upumzike. Ulimwambia mama Régina kwa simu, "Nikipumzika sasa, nani atauliza?" Ulianguka kwenye ngazi za bunge kabla zamu yako ya kusema haijafika.

Nasi tukuambie ukweli, kwa kuwa wewe ulituambia. Maternite haijajengwa. Daraja halijajengwa. Tangu uondoke, wanawake wanne wamekufa mikononi mwa Chimène, na wote anawajua kwa majina. Kuna asubuhi anakataa kuamka, anasema amechoka kufunika watu nyuso. Aliyekalia kiti chako hatujamwona huku. Tunaomba, Papa, lakini hatujui tena tumwombe nani.

Na watu bado wanakuja. Jumapili iliyopita, baada ya misa, walifika wamama tisa. Aliyetangulia ni Safi, mke wa mwenye mtumbwi, mimba yake ya miezi minane. Mama Régina aliwapa maji, akasema, "Wamama, Honorable hayuko. Tulimuzika pamoja."

"Tunajua," Safi akasema. "Tumekuja kwako."

Mama Régina aliwatazama mmoja mmoja. Hana cheo, hana barua, bungeni hajawahi kukanyaga. Aliingia ndani, akatoka amejitwika godoro la kitanda chenu, lile mliloligawana miaka yote ya ndoa yenu. Hakutaka apokewe. Alishika njia ya kwenda kwa Chimène, kule wamama wanakozalia chini, na wale wamama wakamfuata nyuma.

Tangu siku hiyo analala mkekani.

Wanaokukumbuka: mkeo Régina, watoto wako Yves na Chimène, dada yako Louise wa Kasongo, shemeji yako Faradji, majirani, na wote uliowafundisha kusoma. Lala, Papa. Kukusahau hatutaweza.