Nafasi ya Tano Melini

Makongeni, Thika
Jumatatu, 10 Machi

Kwa dada yangu mpendwa Perez,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima huko Kalimoni, na kwamba mvua imelikumbuka shamba lako la sukuma wiki. Sisi hatujambo. Wifi yako Bridget mafua yamemwachia, Eddie wetu mdogo anakula kama watu wawili, na mimi bado niko stoo ya kiwanda nikihesabu magunia. Najua utashangaa kuletewa barua wakati simu unayo. Nimekupigia mara tatu tangu juzi, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza habari za kuku. Jambo lenyewe halinitoki mdomoni, ndiyo maana nimempa mwanangu Maxine barua hii akuletee mkononi.

Nianze na safari. Unakumbuka ilivyoanza miaka mitatu iliyopita, Maxine alipotuonyesha kwenye simu ile meli ya watalii inayotoka Mombasa kwenda Unguja, siku nne kwenda na kurudi. Kwa kiherehere changu nikatangaza kuwa familia hii itaipanda, watu watano, wewe ukiwa wa kwanza. Tangu hapo kila Jumapili ya kwanza ya mwezi tulikuwa tukichanga. Bridget alitoa ya mandazi, Maxine akatuma kutoka Ruiru alikoandikwa kwenye duka la simu, na wewe hukukosa hata mwezi mmoja, hata ule ambao viwavi walimaliza mboga zako zote.

Daftari la bajeti nililishika mimi. Kufikia Oktoba, tulipofunga mchango, tulikuwa na laki mbili na elfu ishirini. Nauli ni elfu arobaini na tatu kwa kila mtu, mkubwa kwa mdogo, kwa hiyo sisi watano tulikuwa tunatosha na kubakiza elfu tano. Maxine alikuwa amesema treni ya Mombasa ni juu yake. Lakini mimi nikakumbuka chakula.

Dada, wewe na mimi ni watu wa ziwani, meli hatukuanza kuziona kwa simu. Tulipokuwa tukivuka kutoka Kendu Bay kwenda Kisumu, nauli ilikuwa ya kukaa tu. Ulifunga nyoyo yetu ya mahindi na maharagwe kwenye kitambaa ukanilisha njiani, na asiyebeba chake alitazama wenzake wakila. Basi nikawaambia watu wa nyumba hii kwamba melini kila mtu ni tumbo lake. Bridget akasema tubebe chapati. Nikamuuliza chapati gani ya siku nne. Maxine akasema labda tuulize kwanza wenye meli, nikamjibu kuwa nilipanda meli kabla hajazaliwa. Kwa hiyo nikaandika sahani tatu kwa siku, siku nne, kila sahani shilingi mia tisa, maana nilisikia huko soda moja ni mia tano. Kwa watu watano pesa zilikataa. Kwa wanne zilitosha.

Huo ndio mwezi niliokuja kwako nikakuambia kwamba mlangoni pa meli huwa kuna daktari anayepima presha, na aliyezidi kipimo, kama wewe, anarudishwa nyumbani. Nilikuja na mchango wako wa mwezi huo kwenye bahasha nikurudishie. Ukanisukumia bahasha na kusema, "Hizo ni za watoto kunywa soda. Wewe nenda, utanihadithia." Nilirudi Thika nikamwambia Bridget na watoto kwamba wewe mwenyewe umekataa, kwamba unaogopa maji ya chumvi. Walishangaa, lakini waliniamini.

Sasa sikiliza yaliyotokea Jumamosi iliyopita. Tulikwenda Ruiru kulipa, mimi, Bridget na Maxine, kwenye ofisi ndogo ya mambo ya safari iliyo juu ya duka la vitambaa. Msichana anayehudumia anaitwa Shiko. Alipomaliza kuandika majina manne, nikamuuliza kwa heshima kama za chakula tutalipia hapo hapo au tutalipia melini, na kama sahani ya mtoto hupunguzwa bei. Alinitazama kidogo, kisha akasema, "Mzee, chakula kiko ndani ya nauli. Asubuhi, mchana na jioni, na ukitaka kurudia unarudia."

Maxine alicheka mpaka akatafuta kiti. Bridget hakucheka. Alikokotoa kwa vidole vyake, akaona imebaki elfu arobaini na nane, akasema hiyo ni nauli ya Perez kabisa, bahati mbaya tu kwamba anaogopa maji. Hapo Maxine akaacha kucheka. Akauliza ni nani anayeogopa maji, maana wewe, Waya, shangazi yake, ulimwambia kinachokuzuia ni presha.

Ndipo ikatoka yote. Alisema alikutembelea mwaka mpya akakuta kadi ya kliniki mezani, na ukamwapisha asituambie. Kwamba tangu Oktoba hujaweka chumvi kwenye chakula. Kwamba kila asubuhi unatembea hadi Juja na kurudi kabla ya kufungua kibanda chako cha mboga. Kwamba kipimo kilikuwa mia na sabini na sasa ni mia na thelathini, na kwamba ulitaka ukitimiza kiwango uje na kadi yako mkononi, umwonyeshe daktari wa meli.

Dada yangu, hakuna daktari mlangoni. Hakuwahi kuwepo. Ni mimi niliyemtunga nikiwa njiani kuja kwako.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia mbele ya Shiko, mke wangu akinitazama. Lakini uongo si kitu kinachoniuma zaidi. Kinachoniuma ni namna nilivyochagua. Nilipitia majina matano kwenye daftari. Eddie angelia. Maxine angegomba. Bridget angenuna hadi Krismasi. Nikakufuta wewe, uliyeacha shule ukaja kufunga makopo ya matunda hapa Thika ili mimi nisome, kwa sababu kati yetu sote ni wewe tu usiyelalamika. Nimeona aibu. Naomba unisamehe.

Nafasi ya tano nimeilipia siku ile ile, na jina lako ndilo la kwanza kwenye karatasi. Meli inaondoka tarehe kumi na saba Aprili, shule zikifungwa. Mpe Maxine nakala ya kitambulisho na picha mbili ndogo, zifike Ruiru kabla ya tarehe ishirini na tano mwezi huu. Kama hasira itakuzuia nitaelewa, lakini nafasi hiyo hatutampa mtu mwingine. Kitanda kitakwenda Unguja kitupu na kurudi kitupu. Jumapili njoo kula kwetu, na maneno uliyo nayo uyaseme mbele ya watoto. Sitajitetea.

Jambo la mwisho, chumvi usiirudie, tafadhali. Mimi nilidanganya, lakini presha imeshuka kweli.

Bridget anakusalimu sana, na Eddie anauliza kama utalala chumba kimoja naye. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako,
Ouma