Jina la Mwalimu wa Jiografia

Jumatatu, 3 Machi
Clairwood tena. Teksi mbili, malori yameziba njia mpaka kwenye robot, taa za barabarani wanavyoziita huku kusini. Godauni la blanketi, ngazi ya chuma, ofisi ya juu. Shikamoo yangu, marahaba yake. Bi Lin, bibi wa Kichina, anamenya vitunguu saumu huku anaongea, haniangalii. Kiswahili chake ni cha Dar ya zamani, alikokuwa mkalimani kiwandani. Kisafi kuliko changu. Kikao cha sita cha mahojiano na bado tuko kwenye nyimbo, mabango, treni za bure kwenda Beijing wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni. Hayo yamo vitabuni. Tasnifu yangu inataka mtu. Nimechoka.

Alhamisi, 6 Machi
Leo kasema.
Alikuwa na miaka kumi na tano, Mlinzi Mwekundu, mmoja wa wanafunzi waliosaka maadui wa mapinduzi, kitambaa mkononi. Mwalimu wao wa jiografia, mwanamke, alikuwa na kaka aliyekimbilia ng'ambo. Kosa lake hilo tu. Wakamvisha kofia ndefu ya karatasi, wakampigisha magoti uwanjani. Gundi ya kofia aliipika Bi Lin mwenyewe, unga wa ngano, sufuria ya mama yake. Halafu akavua mkanda, akampiga kwa upande wa chuma. Wenzake nao wakapiga. Mwalimu akafungiwa stoo. Siku ya tatu wakamkuta amekufa.
Hajawahi kumwambia mtu. Kwa Kichina mwanawe, mwenye godauni, angesikia, kwa hiyo kasema kwa Kiswahili.
Nilimchukia nusu saa nzima. Kisha nikanywa chai yake. Sijui hilo linanifanya mtu wa namna gani.

Jumatatu, 10 Machi
Nimempelekea fomu ya ridhaa. Kanuni ya chuo: mhojiwa apewe jina la bandia. Kagoma. Anasema siku ile wote walikuwa na jina moja, Walinzi Wekundu, ndiyo maana mpaka leo hakuna aliyemuua. Anataka lake liandikwe, na la mwalimu. Shen Yulan. Kayaandika yote mawili juu ya fomu, akaniambia niiache mezani, atasaini akishaisoma vizuri.

Jumanne, 11 Machi
Profesa wangu, Mkenya, mpole kupita kiasi: jina la bandia, au sura hiyo itoke. "Rehema, maliza shahada kwanza, utapigana baadaye." Kaninunulia na kahawa. Kahawa ndiyo iliyoniudhi zaidi.

Ijumaa, 14 Machi
Wei, mwanawe, ameiona fomu. Kaja mpaka mlangoni kwangu, Greyville. Kwa Kiingereza: eti mama ni mzee, anachanganya mambo. Eti biashara. Eti ndugu walioko kule kwao watasumbuliwa. Anataka daftari langu. Nikasema hapana. Akasema atanishtaki chuoni. Hapana tena. Mlango niliufunga mimi.
Hilo la ndugu limenikaa. Nitamuuliza Bi Lin. Ila Shen Yulan hana mtu wa kuja mlangoni kwangu kumtetea.

Jumatano, 19 Machi
Getini yuko Papa Kabongo, Mkongo anayepakia mizigo. "Patron amekataza wewe kuingia. Mama iko juu. Mie siko naona mtu." Patron ni Wei. Akanipa mgongo. Nikapanda.
Wei alikuwemo. Akasimama, akanyoosha mkono kuniashiria ngazi. Nikakaa. Nikamuuliza Bi Lin kuhusu ndugu. Alikuwa na dada mmoja tu, kafariki. Hajabaki wa kusumbuliwa kwa ajili yake.
Kisha akamgeukia mwanawe, akaanza kuongea Kichina. Taratibu, kwa kirefu. Sikijui. Nilisikia Shen Yulan mara mbili. Aliposhika mkanda wa suruali yake akanyanyua mkono, nikajua kafika wapi.
Wei akakaa juu ya marobota ya blanketi. Alitazama mikono ya mama yake muda mrefu.
Bi Lin akasaini.

Jumapili, 23 Machi
Mvua tangu asubuhi. Sikwenda kanisani. Jumatano Bi Lin alinifungia vitunguu saumu kwenye gazeti, vimemenywa vyote. Nimevitia kwenye maharage. Wei hajapiga simu, wala Profesa. Kamati ya maadili ya chuo ikikataa, ikatae. Shahada naweza kuikosa. Haya majina siyafuti.
Nimeandika ukurasa wa kwanza wa sura. Shen Yulan, mwalimu wa jiografia. Chini yake, Lin Guizhen, mwanafunzi wake, aliyempiga.