Kitanda cha Mtu Nisiyemjua

Korogwe,
14 Julai.

Kwa mama yangu Bi Maryamu, Kwaluguru.

Mama, shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepoa, na mahindi yameshaingia ghalani kabla panya hawajagawana. Mimi sijambo, cherehani haijambo, na huku joto limepungua kidogo. Msalimie mdogo wangu Sharifu, maana najua ndiye anayekusomea. Sharifu, soma yote, usiruke mahali hata ukiona haya.

Naandika kwa sababu simu unanikatia. Nimepiga mara tatu, mara zote unasema mtandao mbovu, na mtandao huohuo ulinisikilizisha mpaka jogoo wako akiwika. Barua haikatiki.

Nimeambiwa ulivyosema, kwamba hutakanyaga chumba changu kwa kuwa nimekijaza vitu vya mtumba, vya watu tusiowajua, huenda vya marehemu, na kwamba anayelalia kitanda cha mwenzake hulala na mikosi yake. Nimelisikia na lile ambalo hukulisema. Unaona mwanamke akishajinunulia kitanda, basi hana nia tena ya kurudi kwa mume. Hapo hukukosea, mama. Sirudi.

Naomba tukumbushane. Hussein aliponipa talaka, ilikuwa haki yangu kuondoka na vyombo vyangu vyote nilivyopelekewa na nyinyi kina mama kwa ngoma na vigelegele, hata kijiko. Ni wewe uliyenizuia. Ulisema, "Ukibeba vyombo umefunga mlango. Viache, vitamkumbusha." Nikaviacha Mombo: kitanda cha mninga, kabati, masufuria, mpaka mbuzi ya kukunia nazi uliyorithi kwa bibi. Nilitoka na begi na cherehani, na hiyo cherehani nusura uniambie niiache. Tukakaa tunangoja vimkumbushe. Eda ikaisha, vuli ikapita, masika yakapita, vuli nyingine ikaingia, wewe kila Ijumaa unafagia uwanja kwa ajili ya mgeni ambaye hata salamu hakutuma.

Mimi nilichoka kulala kwenye mkeka nikisubiri masufuria yanisemee. Nikaja Korogwe, nikapanga chumba, nikaanza kushona. Jirani yangu ni Fausta, nesi, mwanamke mwenye mdomo lakini moyo safi. Ndiye aliyenipeleka kwenye yadi ya Nicolaus nyuma ya stendi, wanakouza vitu vyao watumishi wanaohamishwa.

Fausta dukani hana aibu. Alinifundisha kugeuza kiti miguu juu kabla ya kuuliza bei, kuinua sufuria juani nione kama nuru inapenya, na kunusa godoro kama unavyonusa maziwa ya jana. Kitanda alikigonga kila kiungo kwa ufunguo, ili kunguni kama wamo watoke kutusalimia. Tulipokifikisha nyumbani tukakimwagia maji ya moto mara mbili. Kama kulikuwa na mikosi kwenye zile mbao, ilitoka na yale maji, na mimi nilisoma Bismillahi nikatandika shuka.

Nina viti viwili visivyofanana, na sioni aibu. Nina meza ambayo mtoto wa watu aliichonga jedwali la kuzidisha, na saba mara nane amekosea. Kila nikila namsahihisha. Hakuna kitu humu ndani ambacho mtu anaweza kuja kuniambia ni chake.

Sasa nifike kwenye lile lililonikaa kooni. Kaa vizuri, mama. Sharifu, msogezee maji.

Siku ile tunatafuta kitanda, kabla ya Ramadhani, nilikiona kitanda cha mninga kimeegemezwa ukutani. Nilikijua kabla sijakigusa. Kwenye ubao wa kichwani pana alama ya pasi niliyoisahau wiki ya kwanza ya ndoa yangu. Na chini yake, imetupwa kama kuni, ilikuwapo mbuzi yako, yenye mguu ule ambao marehemu baba aliufunga kwa bati la kopo la mafuta.

Sikulia. Nilimuuliza Nicolaus vimetoka wapi. Naye bila kunijua akanijibu kwamba kuna mtu wa Mombo alivileta kwa kigari cha mizigo, kirikuu kizima, siku moja, havikubaki hata vikombe. "Alisema mke mpya hataki kulalia kitanda cha mwenzake," akaniambia. Maneno yako hayohayo, mama, yametoka kwenye kinywa cha mwanamke ambaye hujamwona.

Nakiri nimekuficha miezi mitano. Niliogopa kukuvunja moyo, huku nakukasirikia kwa kuwa na moyo huo. Lakini ule mlango uliokuwa unaulinda, Hussein aliupakia kwenye kirikuu akauuza. Hakuna kilichobaki kule cha kumkumbusha.

Fausta alinishawishi nikinunue kile cha mninga, maana kilikuwa imara na bei ilikuwa chini. Nikakataa. Siwezi kujinunulia tena usiku wangu wa zamani. Nikachukua kilichokuwa pembeni yake, cha mwalimu aliyehamishiwa Kilindi, hata jina lake silijui, na tangu siku hiyo nalala mpaka adhana.

Mbuzi sikuiacha. Nicolaus alinipa kama nyongeza, hakujua ni ya nani. Ipo jikoni kwangu, nimeiosha, ila bado sijaikalia. Nakusubiri wewe uikalie kwanza. Uje ukune nazi, nikupikie wali, kisha ulale kwenye kitanda changu mimi nilale chini. Asubuhi utaniambia kama umeota ndoto mbaya. Ukiota, nitakirudisha.

Wasalimie wote wanaoniulizia. Wanaonisema nao wasalimie, uwaambie sijambo. Ijumaa ijayo ukishika ufagio, fagia kwa sababu uwanja ni wako. Basi la asubuhi la kuja huku linapita Mkata mapema, na mimi nitakuwa stendi ya hapa nikikungoja.

Ni mimi binti yako,
Mwantumu.