Neno Moja ya Kiingereza na Asali ya Bengamisa

Kabondo, Kisangani, tarehe 8 mwezi wa tisa 2024

Mutoto yangu Nadia,

Salam aleikum. Kama karatasi hii inakukuta na afya, wewe na bwana yako Issa na mujukuu yangu Zaina, na ule mwingine mwenye iko bado ndani ya tumbo, basi leo nitalala vizuri. Sisi huku tuko bien. Mama yako iko bien. Anakusalimia, na anauliza ile swali yake ya siku zote: "Nadia anakula nini kule?"

Usishangae kuona mukono yangu. Sikio ya kushoto imekufa kabisa, na ile ya kuume inasikia tu kama inapenda. Kwa simu nasikia "krrr" na wewe unasikia papa anapiga kelele. Donc nimeamua: nitaandika, na Angélique, ule mama mwenye anauza unités ya simu chini ya parasol mbele ya atelier yangu ya kinga, atapiga picha ya karatasi na kukutumia. Barua zako atanisomea kwa simu yake. Batu banasema mimi Sefu sijui kuandika. Nilisoma mpaka mwaka wa tatu primaire, lakini mwaka wa tatu ya zamani, si hii ya leo.

Sasa sababu ya barua. Siku ile ya simu Zaina alisema maneno mingi ya Kiingereza kama mvua juu ya mabati. Nikajibu "yes". Akacheka. Nikasema tena "yes". Akacheka mpaka akaanguka, nilisikia. Mimi Sefu, mwenye nimefunga magurudumu ya nusu ya batoleka ya mji huu, bale banabebaka batu kwa baiskeli, mutoto wa miaka mitano anicheke?

Nipe neno moja ya Kiingereza. Moja tu, lakini yenye kazi mingi. Unakumbuka ile clé yangu ya kinga, ya kutengenezea baiskeli, yenye matundu mingi, inafungua kila écrou? Natafuta neno ya namna ile.

Ni mimi,
Papa yako

*

Edmonton, tarehe 15 mwezi wa tisa 2024

Papa yangu mupenzi,

Wa aleikum salam. Tuko wazima, Mungu asifiwe. Tumbo linakua, mutoto anapiga mateke usiku, na miguu yangu imevimba kidogo sababu kazini nasimama siku muzima. Unajua kazi yangu: naosha wazee, nawalisha, nawapimia dawa. Kila nikimushika mukono muzee mmoja nawaza nyinyi wawili. Mwambie Mama kwamba leo nilikula wali na maharage, na lituma ya ndizi ya kutwanga niliiota tu.

Papa, neno lako nimelipata. Zaina mwenyewe ndiye alilichagua, sababu yeye analisema tangu asubuhi mpaka jioni. Ni "get".

Kuleta maji ni "get water". Kuamuka ni "get up". Kufika nyumbani ni "get home". Kuzeeka ni "get old", usikasirike. Kutoka nje ni "get out". Na mutu akielewa kitu anasema "I get it". Kila asubuhi namwambia Zaina "get up", ananijibu "I get it, mama", na anabaki kulala.

Ukiona mambo yanabadilika, mutu alikuwa hivi na sasa anaanza kuwa vile, weka "get" mbele, utaeleweka.

Unisalimie Mama. Umwambie nataka kusikia sauti yake siku ya Ijumaa.

Mutoto yenu,
Nadia

*

Kabondo, tarehe 29 mwezi wa tisa 2024

Nadia mutoto yangu,

Amani kwako na kwa nyumba yako. Natumaini ile miguu imeshuka. Weka maji ya vuguvugu na chumvi. Sisi tuko bien.

Neno imeingia! Angélique alinisomea mara mbili, ya tatu nikamuambia nyamaza, niko nayo. Kesho yake wakaja batoleka kufunga rayons, zile chuma nyembamba za magurudumu. Nikamuambia mmoja, "Get out!" Akasema, "Papa Sefu, unanifukuza?" Nikamuambia, "Hapana, nakufundisha." Wakacheka. Mmoja akauliza, "Papa, Kiingereza hii ni ya wapi, ya Yahuma kule musituni?" Nikamuambia "get old", wewe utazeeka bado unabeba batu kwa kinga ya mukopo, na mimi niko naongea na Canada.

Bon. Sasa niko na maulizo, juu mimi sipendi kujua kitu nusu.

Kwanza. Mutu akipata kiu, anakunywa, na anapata tena kiu, banaweka "get"? Pili. Mutu akianza kukonda, nguo yake inazunguka kwa kiuno. Kuna "get" pale? Tatu. Mutu mwenye anaamuka usiku kila saa kwenda ku W.C., ile ni "get up" tu ao kuna ingine?

Ni maulizo tu. Nafikiri mutu fulani wa hapa quartier.

Ndugu yangu Bilali alitutumia asali ya Bengamisa, bidon ya litre tano, asali ya musitu, nyeusi kama mafuta ya moteur. Kule kwenu hamuna asali, muna maji ya rangi. Mimi ndiye najua dawa katika nyumba hii. Asali kwa chai asubuhi, asali jioni, inarudishaka nguvu hata kwa mufu.

Ile Ijumaa unités ilikatika.

Papa yako

*

Edmonton, tarehe 3 mwezi wa kumi 2024

Papa,

Salam. Sisi ni wazima. Nakujibu haraka.

Ndiyo, kwa kiu ni "get thirsty". Kukonda ni "get thin". Kuamuka usiku ni "get up" ileile.

Sasa na mimi niko na maulizo. Huyu mutu fulani wa quartier ni nani? Iko na miaka ngapi? Na kwa nini Mama hakunisalimia? Papa, tangu niko huku hakuna ujumbe hata mmoja umefika bila ile swali ya chakula. Nimesoma karatasi yako mara nyingi, nimeikuza kwa simu, nikamupa Issa asome. Swali haimo.

Nilimwandikia Angélique. Alinijibu, "Dada, ongea na papa." Basi naongea na papa. Asali ile, nani anakunywa?

Mutoto yako,
Nadia

*

Kabondo, tarehe 12 mwezi wa kumi 2024

Nadia,

Nakusalimia, na bwana yako, na mutoto. Afya yangu ni nzuri. Roho ndiyo imechafuka.

Tangu lini mutoto anamuuliza papa yake kama polisi wa barrière? Mama yako iko. Anakusalimia sana, anasema uvae nguo mingi juu ya baridi. Umeona? Amekusalimia. Sasa tulia, mutu mwenye tumbo hapaswe kuwaza-waza.

Huyu mutu wa quartier haikuhusu. Ni mutu tu. Aligonga kidole ya mguu kwa jiwe ya kusagia, kidonda kidogo, lakini haitaki kukauka. Nimemuwekea asali juu, na namupa asali ndani, na chai ya sukari mingi, na jus ya ananas kama anapata kiu. Nikimuambia "get up" anasema mguu ni muzito. Harufu ya kidonda si nzuri, nitasema ukweli, lakini harufu ni uchafu unatoka. Batu ya dispensaire wangemukata bure. Mimi nilishaponyesha batu mingi, hata mbuzi ya hadji.

Niambie basi, kidonda ikianza kukauka banasema "get" nini? Nataka niwe nayo tayari.

Papa yako, mwenye haulizwi

*

Edmonton, tarehe 13 mwezi wa kumi 2024

Papa,

Sisalimii muda mrefu. Mama hajawahi kuniambia habari ya nguo. Mama anauliza chakula. Ile salamu uliitunga wewe.

Mutu wa quartier ni Mama.

Tafadhali, Angélique, umusomee Papa hii polepole, hata kama anakukatisha. Kiu isiyoisha, kukonda, kukojoa usiku, kidonda kisichokauka: kazini kwangu naona hii kila siku. Ni ugonjwa ya sukari. Damu yake imejaa sukari, na asali unayomupa, na chai, na ananas, inaongeza. Papa, unamupa kwa kijiko kile kinachomuua. Simamisha leo. Leo, si kesho. Maji matupu tu. Na mupeleke hôpital wapime damu, waone mguu. Ile harufu si uchafu unatoka. Ni mguu unaoza.

Najua kwa nini mulinificha: juu niko na tumbo. Mama mwenyewe alinisimuliaka: akiwa na tumbo langu, babake alikufa Bengamisa, na mulimwambia mimi nikiwa nimeanza kutambaa. Alimulilia babake peke yake, wengine wote walikuwa wameshamaliza kulia. Papa, unisikie: tumbo langu halitatoka sababu ya habari. Mimi ndiye nitatoka akili sababu ya kimya.

Kwa kidonda banasema "get dry". Nimekujibu. Sasa mubebe Mama.

Nadia

*

Edmonton, tarehe 20 mwezi wa kumi 2024

Papa,

Hakuna jibu. Angélique alisoma, naona alama mbili za bluu, halafu simu yake inazimwa. Sisi tuko wazima, nyinyi muko namna gani? Silali. Issa anasema nisubiri. Zaina ananiuliza kwa nini napika halafu sili.

Kama Mama ameshakwenda, niambie nikiwa na tumbo hili hili. Nakuomba. Usinifanye nimulilie peke yangu.

Mutoto yako,
Nadia

*

Edmonton, tarehe 4 mwezi wa kumi na moja 2024

Papa. Mama. Yeyote mwenye anasoma.

Niko hapa.

Nadia

*

Kisangani, tarehe 24 mwezi wa kumi na moja 2024

Mutoto yangu Nadia,

Salam aleikum. Nasema kwanza, usipite mistari kwa haraka: mama yako ni muzima. Anapumua, anagombana. Mungu anisikie, hapa sikutunga hata neno moja.

Angélique alisoma barua yako polepole vile ulisema. Nilimukatisha. Nikamuambia, huyu mutoto nilimufundisha kukaa juu ya kinga, leo ananifundisha asali? Nikaenda nyumbani na hasira. Nikakuta mama yako ameketi na bol ya asali. Akanitazama, akasema, "Sefu, nina kiu." Bol ilikuwa mukononi yake, na aliniambia iko na kiu. Nikachukua ile bidon ya Bilali nikaimwaga kwa caniveau, mufereji ya barabara. Chungu, wale wadudu wa sukari, walikuja wa quartier muzima.

Motari wa pikipiki alikataa kumubeba, juu ya harufu. Nikamuweka nyuma, kwa porte-bagages ya kinga yangu, nikamufunga kwangu na kitenge ili asianguke, mimi mbele, yeye nyuma, kichwa yake kwa mugongo yangu. Niko na miaka sabini na mbili, nilipanda milima bila kushuka kwa kinga. Batoleka walitufuata kwa nyuma, hakuna mwenye alicheka. Mmoja alisukuma kwa mulima ya mwisho, lakini kidogo tu, nilikuwa nafika.

Docteur, kijana, alifungua kitambaa na akaniuliza, "Papa, mulikuwa mnangoja nini?" Nikafungua kitenge kwa kiuno yangu, nikamufunika mama yako.

Wamemukata mguu, Nadia. Ya kushoto, chini ya goti.

Nimeandika. Iko hapo kwa karatasi.

Sikukuandikia mbele juu sikujua niandike nini. Ningesema ni mugonjwa, na kama akikufa mbele karatasi ifike, nirudie tena kuandika? Nilimukataza Angélique, hata nikamutukana. Alilia. Usimukasirikie. Nilitaka kuandika siku nitajua. Sasa najua. Ulilala na njaa sababu yangu, na mutoto wa ndani pia, na hiyo docteur hawezi kuikata.

Siku mingi joto yake ilipanda. Nililala chini ya kitanda yake kwa carton. Usiku alikuwa anaita babake, ule wa Bengamisa. Nikasema ndani yangu, anakwenda kumusalimia. Halafu asubuhi moja akafungua macho na akasema, nakuandikia vile vile alisema: "Muulize Nadia anakula nini kule." Nikatoka nje, nikakaa kwa ngazi ya hôpital. Jua ilikuwa kali. Macho ilinitoka maji juu ya jua.

Sasa anachomwa sindano tumboni kila asubuhi na jioni, mimi ndiye nachoma. Infirmière anasema mukono yangu haitetemeke. Itatetemeka namna gani, mukono yenye imenyoosha magurudumu miaka hamsini? Chai anakunywa bila sukari, ananitazama kama adui.

Na nimeanza kazi: kiti ya magurudumu ya mama yako. Magurudumu mbili kubwa za kinga, moja ndogo mbele, kiti ya chuma, mito ya mousse. Batoleka walichangia rayons, mimi sikuomba. Nimezungusha gurudumu na kuweka kidole kando: haigusi hata kidogo. Katika province ya Tshopo yote hakuna mutu ataketi juu ya kitu inazunguka namna ile. Imebaki kupaka rangi tu. Anataka kijani.

Kula, Nadia. Ni yeye anauliza, lakini na mimi niko nauliza.

Mistari ya chini, ya koko yake Madina, mama yako, usome kwa sauti, Zaina asikie. Niliandika mimi peke yangu, Angélique hakusaidia. Akicheka, acha acheke.

Koko Madina get water.
Koko Madina get thin.
Koko Madina get up, jana, kwa fimbo mbili, mpaka dirisha.
Get home, bado. Docteur anasema tungoje.
Lakini kiti iko tayari, na neno niko nayo.

Papa yako