Tundu la Juu

Manyatta, Kisumu

Baba Debra mpendwa,

Huku tuko salama, na mvua imeanza. Soketi mpya za landilodi ni nzuri. Fundi alinionyesha kwamba matundu mawili ya chini yamezibwa kwa ndani, na mtoto akichokoa na msumari hauingii. Hufunguka tu kitu kikiingia tundu la juu.

Lakini chaja yako ina miguu miwili, na kila ukija kutoka Asembo unasukuma kalamu pale juu ndipo iingie. Debra huwa amekaa hapo akikutazama.

Jana nilikuwa nasonga ugali, nikaona amenyamaza sana. Nilimkuta mbele ya soketi. Kalamu ilikuwa imesimama kwenye tundu la juu, na mkononi alishika pini yangu ya nywele.

“Debra, unafanya nini?”

“Nachaji simu, kama Baba.”

Nilimvuta, nikazima stima ya nyumba nzima. Kalamu zote nimezificha juu ya kabati. Tafadhali, nunua chaja ya miguu mitatu kabla hujapanda gari.

Njoo umwambie mwenyewe, maana mimi hanisikii. Leo asubuhi nimemkuta akichomoa kijiti kwenye ufagio.

Wako,
Ajwang