Godoro Nililomnunulia kwa Mapenzi Linamwangusha Mke Wangu

Mshauri mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi mimi basi nisamehe, maana mtu aliyefikwa na maji shingoni hachagui salamu.

Mimi ni kinyozi, nina kibanda cha viti viwili na kioo kimoja chenye ufa, na mke wangu alikuwa mpishi wa shule, watoto walimwita Mama Mwiko, mwanamke wa kunyanyua sufuria ambalo mimi mwanaume nikilitazama tu kiuno kinauma. Mwaka jana kiharusi kilimwangusha palepale jikoni, upande wa kushoto wote ukalala, maneno yakawa yanatoka mazito kama mtu mwenye kitu mdomoni, na hospitali walipomaliza walichoweza walimfundisha jambo moja ambalo kwangu lilikuwa kubwa kuliko dawa zote: kukaa pembeni mwa kitanda, kuweka miguu chini, kushika kiti kwa mkono wa kulia, kusimama, kujigeuza na kuketi, ili aende chooni bila kubebwa na mtu. Na aliweza, mshauri. Alikuwa ananifukuza chumbani, "Toka, nitakuita," halafu haniiti, nasikia tu kiti kinaburuzwa, najua amefanikiwa.

Sasa godoro letu lilikuwa la zamani, jembamba, gumu, nikalionea aibu, nikasema mke wangu mgonjwa hawezi kulalia kitu kama hiki, nikaenda dukani nikalala katikati ya lile nene kuliko yote, la springi, lenye kitambaa cha maua, na nilisinzia kweli mpaka muuzaji akanigusa bega, "Mzee, unanunua au unalala?" Nikanunua. La zamani nikampa mlinzi wa jirani.

Siku ya kwanza tu alipokaa pembeni, godoro likabonyea upande mmoja na kitanda nacho kilikuwa kimepanda juu, miguu haikufika chini vizuri, akateleza taratibu kama mtu anayemwagwa, mpaka sakafuni. Mimi niko kazini. Fundi cherehani wa mlango wa pili alisikia anagonga ukuta, alipoingia mke wangu hakuomba kuinuliwa, aliomba mlango ufungwe kwanza, kwa sababu alikuwa amelowa.

Mara ya pili nilikuwepo, nilimshika, tukateleza wote wawili, na mimi nikamwangukia, kifundo cha mkono wake kikavunjika, mkono wa kulia, mshauri, ule uliobaki. Plasta imeshatolewa lakini hataki tena kukaa. Analala amegeukia ukutani. Nikimwambia tujaribu, anasema, "Niache." Nimesogeza kitanda ukutani na upande wa pili nimepanga viti ili asianguke nikiwa kazini, juzi dada yake akaja, akasimama mlangoni akavitazama, akasema, "Shemeji, huyu ni mkeo au ni ng'ombe, mbona umemjengea zizi?" Anataka kumchukua mwisho wa mwezi. Tuligombana hapohapo, mke wangu katikati yetu amefumba macho.

Nataka kubadilisha godoro lakini mmoja ananiambia springi, mwingine sponji, muuzaji anasema yote mazuri. Na moyoni nasema hata nikibadilisha, labda mtu mwenyewe ameshaondoka umebaki mwili. Kila ninachomfanyia kwa mapenzi kinamvunja. Je, nimwache aende na dada yake? Namba yangu ya simu nimeiandika chini.

Ni mimi, Kinyozi Niliyeishiwa.

MSHAURI ANAJIBU:

Marahaba, kinyozi, nimekuzidi. Pole. Pole ya kweli, si ile ya kupita njia. Sasa futa machozi tugombane.

Godoro ulilipima kwa kulala katikati. Wote hufanya hivyo, na kwa mtu mzima wa afya si neno. Lakini mkeo kazi yake na kitanda iko pembeni, na pembeni ndipo watengenezaji wengi wanapobania. Godoro la springi la ovyo lina springi katikati, ukingoni limezungushiwa sponji laini na kitambaa cha maua basi. Ukikaa pale, hakuna kinachokubeba. Lililotengenezwa vizuri lina ukuta wa sponji ngumu pande zote, au springi za ukingoni zina waya mnene zaidi. Sponji tupu nayo si dhambi: ikiwa nzito na imeshikana, inakubeba katikati na pembeni sawasawa. Ndiyo maana lile jembamba ulilolionea aibu lilimsimamisha mkeo kila asubuhi. Mlinzi usimsumbue, ulishampa, na godoro lililochakaa halimfai mtu anayelala mchana kutwa, litamtoa vidonda.

Basi usiulize springi au sponji. Mtu akae ukingoni kwa uzito wake wote, kama anayevaa viatu. Nyayo ziguse sakafu zote, magoti yawe sawa na nyonga au chini kidogo. Ukingo ukibonyea na mapaja yakateremka mbele, hilo linammwaga, liache hata kama ni la mfalme. Na upime pamoja na kitanda chake, kwa sababu godoro nene juu ya kitanda kirefu ni ghorofa. Kagua na mbao za chini. Ikiwa ile ya pembeni imelegea, godoro lolote litainama nayo.

Nilidhani jibu langu litaishia hapo. Nikapiga simu nikuulize urefu wa kitanda. Ulikuwa umeisahau nyumbani, akapokea mkeo. Tuliongea polepole, mara nyingine nikamwomba arudie, na hakuchoka. Nilimuuliza kwa nini hataki kukaa, anaogopa kuanguka?

Akasema, "Kuanguka nimezoea. Sitaki kumwona uso wake nikianguka."

Akaendelea, "Anapiga kelele kama nimekufa. Halafu anaomba msamaha mpaka jioni. Mimi nahitaji kwenda chooni, yeye analia. Nimlee nani?"

Nikamuuliza kama anataka kwenda kwa dada yake. Akacheka, kinyozi. Ndiyo, huyo unayesema umebaki mwili. Akasema, "Hata mume wangu hajaniuliza hilo."

Sikudanganyi. Mkono wake hauna nguvu ya zamani, aliniambia mwenyewe kikombe kinamshinda. Mguu unaweza usirudi kamwe. Kuna siku atakataa kuamka na godoro halitakuwa na kosa. Ukingo mgumu hautamrudishia sufuria lake. Utampa mahali pa kukaa tu, na hapo ndipo mengine yote huanzia, yakianza.

Kwa hiyo sikiliza. Viti hivyo viondoe leo, acha kimoja chenye mikono, kizito, upande wake wa kulia. Fundi wa kuchomelea akufungie chuma cha kushikia kwenye fremu ya kitanda. Kwenye godoro hilo asijaribu tena kusimama peke yake. Mrudishe hospitali kwa yule aliyemfundisha kusimama, aupime mkono kwanza, na wewe ufundishwe namna ya kumshika, maana kumshika hujui. Shemeji yako asiamue, na wewe usiamue. Mkalishe dada mtu, mkeo aulizwe mbele yenu wote, na atakachosema ndicho, hata kikikuuma.

Hospitali wakishakubali, funga kibanda, vichwa vya watu vitaota nywele tu, umpeleke dukani yeye mwenyewe. Akae ukingoni mwa kila godoro analotaka. Ataongea polepole, na muuzaji atakugeukia wewe akupe bei na kukuuliza anasemaje. Wewe tazama ukutani. Usimjibie.