Kamera ya Shughuli za Wanawake

Jumatatu, 7 Aprili

Nimenunua kamera! Mpya sikuiweza — pesa yenyewe ya kuchuma karafuu. Nimekwenda mjini Chake na Shamima, shoga yangu tangu chuo cha Kurani. Yeye anakodisha magauni ya harusi pale Madungu, mambo ya picha anayajua.

Dukani kwa Hafidh zilikuwapo mbili za mtumba, bei moja. Ya kwanza kuukuu, nzito, picha haitoki mpaka uchomoe kadi. Ya pili nyepesi, ati inarusha picha kwenye simu papo hapo. Moyo wangu ulikuwa kwa ile kuukuu. Mie nataka kupiga picha shughuli za wanawake, na huko watu wamevua mabuibui, simu zote zinawekwa kwenye beseni mlangoni. Kamera isiyorusha ndiyo wataiamini.

Shamima kanicheka. Mzigo huo wa nini, kurusha si unazima tu? Akaiunga na simu yake, akampiga Hafidh picha, tukacheka sote. Nikachukua nyepesi. Akasema keshazima.

Alhamisi, 10 Aprili

Kazi ya kwanza! Bi Mwanapili wa Vitongoji anamwoza binti yake, Safaa. Sharti moja: picha zisionwe na mwanamme yeyote. Nimemwahidi. Nikiiharibu hii, Pemba nzima hakuna atakayeniita tena. Najua.

Jumapili, 13 Aprili

Jana mvua, matope, lakini shughuli imefana. Safaa kapendeza, mashaallah. Gauni la Shamima, na mwenyewe alikuwapo kumvisha. Simu yake katia beseni kama wenzake, nimeona kwa macho yangu.

Picha moja tu mbaya — mtandio ulimwanguka, mabega na kifua wazi. Niliifuta pale pale, hata Safaa sikumwonesha.

Jumanne, 15 Aprili

Balaa! Picha ya Safaa inazunguka kwenye masimu. Imefika mpaka kwa ami zake bwana harusi. Wanasema mke gani huyu kaanikwa. Safaa karudi kwao, analia.

Bi Mwanapili kanipigia. Hakugomba, bora angegomba. Kasema tu, "Mwanangu nilikukabidhi wewe." Mle ndani kamera ilikuwa moja, yangu.

Shamima kaja, kanikumbatia, kalia kuliko mie. Kasema walimwengu wabaya.

Jumatano, 16 Aprili

Nimeiona picha. Jirani kamwonesha Mama. Usoni wametia ua, lakini gauni, hina, kila kitu ni Safaa. Mtandio umeanguka.

Ni ile niliyoifuta!

Kwenye kadi haimo. Nimekaa nikiwaza mpaka kichwa kinauma. Kisha nikafungua kamera, nikapekua kila mahali. Simu iliyounganishwa: Shamima. Haikuzimwa hata siku moja. Kila nilipobonyeza, picha ilikwenda kwenye beseni pale mlangoni.

Shamima. Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa nasikia tu.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimemfuata Madungu. Nilikusudia kumtukana, walahi. Hakukana. Alitaka watu waone gauni, kaonesha wateja wake wachache, mmoja wao kaisambaza. Kapiga magoti.

"Nisitiri, Rahila. Posa yangu itavunjika. Kesho nakwenda mwenyewe kwa Bi Mwanapili."

Nikalainika. Mie ndivyo nilivyo, mjinga wa machozi ya watu! Lakini anayemsitiri mwenziwe, Mungu naye humsitiri, tumefundishwa pamoja. Nikamwambia sawa, sitamwambia mtu, hata Mama.

Akaomba kamera. Akaiondoa simu yake mbele yangu, isipokee tena, akafuta na picha zote kwenye simu. Nikamwambia ahsante. Ahsante!

Ijumaa, 18 Aprili

Nimesubiri kutwa. Simu yake haipatikani.

Jumamosi, 19 Aprili

Shamima kaja. Kaja na Bi Mwanapili! Nikasema alhamdulillah, keshasema ukweli. Nimewakaribisha, nimewapa viti, Mama kakaa nao. Bi Mwanapili hakunipa mkono. Kaitaka kamera, nimeingia chumbani kuichukua.

Naandika nimesimama. Ukuta mwembamba, nasikia yote. Shamima anamweleza Mama, taratibu, kwa adabu zake zote:

"Nilimwambia achukue ile isiyorusha, hata Hafidh alituona tukibishana. Hakunisikia. Lakini mama zangu, msameheni, bado anajifunza."

Nimeiwasha. Simu iliyounganishwa: hakuna.

Bi Mwanapili anamwuliza Mama kama mwanawe ni mtu wa kufanya jambo hili. Namsikiliza Mama ajibu.

Hajajibu.